Kabla Hujamwita Mhariri Mwongo

Hotuba kwa wahariri wapya na wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili

Ndugu wahariri, wakabidhi mliotutangulia (wahariri waliopewa ruhusa ya kufuta kurasa na kufungia akaunti), nanyi mliofungua akaunti juzi na bado mkono unasita kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, karibuni.

Leo tunazungumzia neno moja ambalo likishaandikwa kwenye ukurasa wa majadiliano, kazi ya makala husimama na ugomvi wa watu huanza. Neno lenyewe ni "mwongo". Huja na mavazi mengi: "umetunga", "unapotosha makusudi", "umelipwa", "tunakujua". Wakati mwingine tuhuma ni ya kweli. Mara nyingi zaidi ni ya kweli nusu, au si ya kweli kabisa, na aliyetuhumiwa hufunga kompyuta asirudi tena. Wikipedia kubwa ikipoteza mhariri mmoja haitetereki. Kwetu, wanaoandika kila wiki ni wachache mno, na akiondoka mmoja pengo lake linaonekana kesho yake kwenye ukurasa wa mabadiliko ya karibuni.

Nianze na visa viwili ambavyo kila mkabidhi anapaswa kuvijua.

Agosti 2020 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Scotland iliyo jirani na Kiingereza, iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alikuwa akichukua makala ya Kiingereza na kubadilisha neno hili na lile kwa msaada wa kamusi ya mtandaoni, na kwa mtindo huo akaanzisha makala zaidi ya 20,000. Kisha, Juni 2022, upande wa Wikipedia ya Kichina, mwandishi mmoja wa riwaya alikuwa akitafuta habari za Urusi ya kale akakutana na maelezo marefu ya mgodi wa fedha wa Kashin. Alipofuata vyanzo, mgodi haukuwepo. Mhariri aliyejiita Zhemao, aliyekuwa akijitambulisha kama msomi wa historia ya Urusi, alikuwa ametunga vita, watawala na migodi kwa miaka mingi. Makala 206 zilikutwa na mkono wake. Wahariri wenzake walikuwa wamempa hata nishani ya pongezi.

Tazameni visa hivi kwa nje: mtu mmoja, miaka mingi, maelfu ya sentensi mbovu. Kwa ndani vinatofautiana sana. Kijana yule aliamini kwa dhati kwamba anaisaidia lugha. Zhemao alijua anatunga, na baadaye alikiri. Ila aliyegundua kisa cha kwanza alikuwa msomaji aliyeijua lugha na kuona kwamba sentensi haisemwi hivyo. Aliyegundua cha pili alifungua chanzo akakuta hakisemi kilichodaiwa. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kujua nia ya mwandishi. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo: tunaweza kuipima sentensi, lakini moyo wa mtu hatuwezi kuufungua. Anayeanza na moyo hukosa vyote viwili.

Wikipedia ina kanuni ya kumdhania mwenzako nia njema, na wengi huielewa kama amri ya kuamini kila kinachoandikwa. Sivyo. Kanuni hiyo inakuruhusu kutilia shaka kila sentensi duniani. Inachokukataza ni kuruka kutoka kwenye sentensi hadi kwenye tabia ya mtu bila ushahidi wa kuvuka daraja hilo.

Kukagua kabla ya kusema

Mhariri anayetilia shaka sentensi aanzie kwenye historia ya ukurasa. Kila hariri imehifadhiwa pale: akaunti, saa, idadi ya baiti (kipimo cha ukubwa wa maandishi) zilizoongezeka au kupungua, na muhtasari aliouandika mhariri. Tafuta toleo ambalo sentensi ile inaonekana kwa mara ya kwanza. Makala ikiwa na matoleo 400 usiyapekue yote. Fungua la katikati. Sentensi ikiwepo, iliingia kabla ya hapo. Isipokuwepo, iliingia baadaye. Gawa tena nusu iliyobaki. Kwa matoleo 400 unafika ndani ya hatua tisa.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu anayetuhumiwa mara nyingi siye aliyeandika. Pengine alihamisha aya kutoka juu kwenda chini. Pengine mharibifu alifuta ukurasa mzima, naye akaurudisha, na sentensi mbovu iliyokuwemo tangu miaka mitano nyuma ikarudi kwa jina lake. Kumwita huyu mwongo ni kumwadhibu aliyezima moto kwa sababu mikono yake ina masizi.

Ukishampata mwandishi wa kweli, nenda kwenye chanzo. Hapa nitakaa kidogo, maana tuhuma nyingi za uongo huzaliwa hapa, na nyingi hufia hapa.

Vitabu vingi vina namba ya ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Namba ya tarakimu 13 ina kipimo chake ndani yake. Chukua 978-0-306-40615-7. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, uendelee hivyo hadi ya 13, kisha jumlisha. Hapa jumla ni 100. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila kubaki kitu, namba imeundwa sawasawa. Isipogawanyika, ina kosa. Lakini usishangilie bado. Namba mbovu inaweza kuwa kidole kilichoteleza kwenye tarakimu moja, na namba safi inaweza kuwa ya kitabu kingine kabisa. Iingize kwenye katalogi ya maktaba kama WorldCat uone ni jina gani linatokea. Kisha tazama kurasa: kitabu cha kurasa 180 hakiwezi kunukuliwa ukurasa wa 312. Tazama mwaka pia, maana kitabu cha 1998 hakiwezi kuthibitisha uchaguzi wa 2005.

Makala ya jarida la kitaaluma huwa na namba ya DOI, inayoanza na 10 na nukta. Iandike baada ya doi.org na alama ya mkwaju (/). Ikifungua utafiti wa magonjwa ya samaki wakati sentensi inahusu mashairi ya Lamu, umepata jambo la kuuliza. Gazeti lina tarehe, na tarehe ina siku yake. Anayenukuu "toleo la Jumatatu, 12 Januari 1964" amekosea mahali, kwa kuwa siku ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikuwa Jumapili. Gazeti la kila Jumapili lenye tarehe ya siku nyingine nalo hujifichua lenyewe.

Chanzo kikiwepo, kisome. Kuna chanzo ambacho kipo lakini hakisemi kilichodaiwa. Kuna kinachosema, ila mhariri ameongeza chumvi: kitabu kinasema "huenda", makala inasema "bila shaka". Na kuna kosa ambalo ndilo la kawaida kuliko yote kwetu, nalo huonekana kama uongo mtupu. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Mhariri mwema anakuja, anabadilisha idadi kuwa mpya, anaacha rejeo la zamani likining'inia palepale. Msomaji anafungua ripoti ya 2012, anakuta watu milioni 44, anapiga kelele kwamba takwimu zimechakachuliwa. Takwimu ni sahihi. Rejeo ndilo limechelewa. Dawa yake ni dakika mbili za kubadilisha rejeo, na ugomvi wake unaweza kula wiki.

Kiungo kisichofunguka si uongo pia. Tovuti za wizara na magazeti hubadilishwa kila mara na kurasa za zamani hupotea. Weka anwani ile kwenye kumbukumbu za Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za tovuti, utazame kama nakala ya zamani ipo, na ikiwepo iongeze kwenye rejeo.

Mtego wa hatari zaidi ni chanzo cha mzunguko. Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipokuwa akiingia uwaziri wa uchumi Ujerumani, mtu fulani aliongeza jina "Wilhelm" katikati ya orodha ndefu ya majina yake kwenye Wikipedia ya Kijerumani. Vyombo vikubwa vya habari vililinakili bila kuuliza. Wahariri walipodai uthibitisho, habari zile zile zikaletwa kama chanzo. Ukishuku mzunguko, linganisha tarehe mbili: siku sentensi ilipoingia kwenye makala, na siku gazeti lilipochapa. Gazeti likiwa la baadaye na likitumia maneno yaleyale, halithibitishi kitu. Tafuta chanzo kilichokuwepo kabla ya hariri ile.

Sasa neno kwa ajili yetu hasa. Mambo mengi ya pwani na bara hayajachapwa, na yaliyochapwa hayako mtandaoni. Mhariri akinukuu gazeti la Uhuru la miaka ya 1970 alilolisoma maktaba, chanzo chake ni halali hata kama huwezi kukifungua kwa simu. Una haki ya kumwomba aandike kwenye ukurasa wa majadiliano sentensi ile kama ilivyo gazetini, pamoja na tarehe, ukurasa na kichwa cha habari. Asipakie picha ya ukurasa mzima, maana hakimiliki inakataza. Na mhariri aliyeandika yale aliyoyasikia kwa wazee wa kijiji chake hajasema uongo. Ameleta jambo mahali ambapo bado halina chanzo cha kulishikilia. Mwambieni hivyo kwa maneno hayo. "Halina chanzo" na "si kweli" ni hukumu mbili tofauti, na tumewaumiza watu wengi kwa kuzichanganya.

Kuweka alama kwa haki

Ukishakagua na shaka imebaki, ndipo uweke alama. Weka kwenye sentensi yenyewe, ile alama ndogo inayosema chanzo kinahitajika au chanzo hakithibitishi. Mabango makubwa ya juu ya makala yaachieni makala ambazo zimeoza kote. Makala iliyopakwa mabango manne kwa ajili ya sentensi moja haimwelezi mtu pa kuanzia, na mwandishi wake huisoma kama fedheha.

Kisha andika kwenye majadiliano. Ujumbe mzuri una mambo manne: sentensi unayoisema, ulichokagua, ulichokuta, na swali lenye njia ya kujibika. Mfano: "Habari ndugu. Sentensi ya pili ya sehemu ya Historia inasema msikiti ulijengwa 1780. Nimesoma kitabu ulichotaja, ukurasa wa 112, nikakuta umejengwa kabla ya 1820 bila mwaka kamili. Je, ulitumia toleo jingine?" Swali la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. Matoleo hutofautiana kurasa, na mara nyingi jibu huwa ndiyo. Hata aliyetunga kweli hupata hapo mlango wa kurudi nyuma bila kuvuliwa nguo mbele za watu.

Mpe muda. Kwa jambo la kawaida, wiki moja ni kiasi cha chini. Wahariri wetu wengi wanaandika kwa simu na kwa kifurushi cha data, na kifurushi kikiisha Jumatano huenda mtu asionekane hadi mshahara. Kimya cha siku mbili msikisome kama kukiri kosa.

Kuna mambo yasiyosubiri hata saa moja. La kwanza ni madai mabaya dhidi ya mtu aliye hai yasiyo na chanzo. Mwaka 2005 wasifu wa mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa kwa zaidi ya miezi minne ukidai kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy wa Marekani na ndugu yake Robert. Ulikuwa mzaha wa mtu mmoja. Baada ya aibu ile, Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasio na akaunti kuanzisha makala mpya, na kanuni kali za wasifu wa walio hai zikafuata. Kwa hiyo dai la wizi, ugonjwa au uzinzi dhidi ya mtu aliye hai, bila chanzo madhubuti, ondoa kwanza kisha uzungumze. Vivyo hivyo maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kitabu au tovuti ya mtu, na vitisho. Mambo mengine yote yanaweza kungoja.

Halafu kuna kutenguana. Mmoja anafuta, mwingine anarudisha, wa kwanza anafuta tena. Wikipedia ya Kiingereza ina kikomo: anayetengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 hufungiwa asihariri, hata kama yuko sahihi kuhusu ukweli wa jambo. Wageni huona hili kama dhulma. Ninaliunga mkono kabisa. Kutengua hakuthibitishi chochote. Kunaonyesha tu nani ana muda mwingi usiku ule. Na mara tatu si mgawo wa kila siku wa kuutumia wote. Ukitengua mara moja na mwenzako akarudisha, nenda majadilianoni.

Uaminifu wa anayelalamika

Tumezoea kupima uaminifu wa anayelaumiwa tu. Tupime na wa mlalamikaji.

Maoni yako kwenye majadiliano yatie saini kwa alama nne za ~~~~, ili jina na saa vibaki. Mtu akishakujibu, usirudi kubadilisha ulichosema. Ukigundua umekosea, yakate maneno yale kwa mstari wa katikati, uandike mapya chini yake na saini mpya. Anayefuta swali lake kali baada ya kujibiwa humwacha mwenzake aonekane mwendawazimu anayejibu hewa. Maoni ya mwingine msiyaguse kabisa, hata kumsahihishia herufi.

Muhtasari wa hariri nao ni ahadi. Aliyeandika "nimesahihisha herufi" huku ukurasa umepungua baiti 2,340 amefuta aya nzima na kuificha. Hili ni miongoni mwa mambo machache ambapo udanganyifu unaonekana waziwazi kwenye rekodi, na likijirudia mara tatu nne ni haki kulileta mbele ya wakabidhi.

Kisha kuna vyeo. Mhariri mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza, aliyejulikana kwa jina la Essjay, alijitambulisha kama profesa wa theolojia mwenye shahada za uzamivu, na jarida kubwa la Marekani likamwandika hivyo mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilijulikana kwamba alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hizo, na kwamba alikuwa amekitumia cheo kile katika mabishano kuhusu makala. Sisi tuna heshima kwa Mzee, Mwalimu, Sheikh, Profesa, na heshima hiyo ni njema, tusiitupe. Ila ukurasa wa majadiliano hauwezi kuthibitisha cheo cha mtu yeyote. Profesa wa kweli hupungukiwa nini akitaja kitabu na ukurasa? Anayesema "niaminini, hii ndiyo taaluma yangu" ajibiwe kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu, tunaomba rejeo." Msimwite tapeli, ombeni rejeo tu.

Na tangu programu za kuandika kwa akili bandia zienee, swali la nia limekuwa gumu maradufu. Programu hizi huunda rejeo lenye mwandishi, mwaka, mchapishaji na kurasa, na kitabu chenyewe hakijawahi kuwepo. Agosti 2025 Wikipedia ya Kiingereza iliongeza sharti linaloruhusu kufuta haraka kurasa zilizoandikwa na programu bila mtu kuzikagua. Miongoni mwa dalili zake ni vyanzo visivyokuwepo na sentensi zinazoongea na yule aliyeomba kuandikiwa. Mhariri aliyebandika rejeo la namna hiyo huenda amedanganywa yeye kwanza. Mwulizeni swali moja tu: "Kitabu hiki ulikifungua?" Jibu lake, na anachofanya baada ya hapo, ndivyo vitakavyowaambia kama mnazungumza na aliyekosea au na anayeendelea kutunga.

Tuhuma za akaunti bandia

Tuhuma nzito kuliko zote ni kwamba watu wawili ni mtu mmoja. Kuwa na akaunti mbili kwenyewe si kosa. Wengine wana moja ya simu na moja ya kompyuta, na wameeleza hivyo kwenye kurasa zao. Kosa ni kuzitumia kama watu wawili kwenye kura au mabishano.

Ushahidi hujengwa kwa viungo vya tofauti, yaani kurasa zinazoonyesha hariri moja ilivyobadilisha nini. Lete angalau viwili vya kila akaunti, uvipange kwa saa. Vinavyobeba uzito ni kosa la tahajia lisilo la kawaida linalojirudia kwa wote wawili, muhtasari unaofanana neno kwa neno, akaunti ya pili kuzuka dakika chache baada ya ya kwanza kufikia kikomo cha kutengua, au akaunti mpya ambayo hariri yake ya kwanza kabisa ni kupiga kura kwenye mjadala wa kufuta makala. Kukubaliana kimawazo hakubebi uzito wowote. Watu wawili kutoka Mombasa wanaweza kukubaliana kuhusu Mombasa.

Kuna wakaguzi wa kujitolea wenye ruhusa ya kuona taarifa za kiufundi za akaunti, na taarifa hizo huhifadhiwa siku 90 tu. Wikipedia isiyo na wakaguzi wake hupeleka ombi Meta-Wiki, tovuti ya uratibu wa miradi yote ya Wikimedia, kwa watu wanaochaguliwa na jumuiya za Wikipedia zote. Ombi lisilo na viungo hukataliwa, na ni sawa, kwa kuwa haifai kumpekua mtu kwa kubahatisha. Lakini sikilizeni vizuri jambo hili la kwetu: kampuni za simu hupitisha wateja wengi sana kwenye anwani moja ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Wanafunzi wa bweni moja, wateja wa duka moja la intaneti, washiriki wa semina moja kama hii, wote wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Ndiyo maana hata kufungua akaunti mpya kuna kikomo cha sita kwa anwani moja ndani ya saa 24, na mwenye kuandaa semina ya watu 20 asipoomba ruhusa mapema atakwama saa nne asubuhi. Anwani moja haitoshi kumhukumu mtu wa Afrika Mashariki. Tazameni tabia pamoja nayo.

Mitandao ya kweli ipo. Agosti 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 katika shauri lililoitwa Orangemoody, na makala 210 zikafutwa. Kundi lile lilikuwa likitafuta makala za biashara zilizokataliwa, kisha likiwafuata wenye biashara na kudai pesa ili makala zitokee, na pesa zaidi ili "zilindwe". Waambieni wafanyabiashara na wasanii wetu: hakuna mhariri wala mkabidhi halali anayeuza ulinzi wa makala. Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi yanamtaka anayelipwa kuandika atangaze hadharani ni nani anamlipa. Aliyetangaza asibezwe kuwa mwongo. Amefanya alichotakiwa, na sasa tunakagua sentensi zake kama za mwingine yeyote.

Anayeamua naye ni nani?

Wakabidhi, hapa nasema nanyi moja kwa moja. Wikipedia ya Kikroatia, kati ya 2011 na 2020, ilishikwa na kundi dogo la wakabidhi waliopindisha historia ya nchi yao, hasa ya Vita Kuu ya Pili, na kuwafungia waliolalamika. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021 na Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilieleza jinsi kundi lile lilivyojikinga. Kila alama ya shaka iliyowekwa na raia wa kawaida iliamuliwa na watu walewale walioandika sentensi iliyoshukiwa.

Wikipedia yenye wakabidhi wachache iko karibu na shimo hilo bila mtu yeyote kukusudia. Mkabidhi aliyehariri makala asiamue shauri la makala hiyo. Akiwa peke yake macho usiku ule, basi aondoe tu lile lisiloweza kusubiri na amwachie mwenzake mengine. Ukimfungia mtu, andika sababu pamoja na kiungo cha hariri iliyokosa, maana neno "uharibifu" peke yake halimfundishi kitu. Anza na saa 24 au siku tatu kwa kosa la hasira. Kufungia bila kikomo kubaki kwa akaunti za matangazo na za kutunga kulikothibitishwa. Na ukurasa wake wa majadiliano uacheni wazi, ili aweze kukata rufaa. Mtoa matusi akiutumia vibaya mnaweza kuufunga baadaye.

Shauri likiisha na kosa likathibitika, kazi kubwa ndiyo inaanza. Chukueni hariri kumi za mhariri yuleyule kutoka miaka tofauti na mada tofauti, mkague vyanzo kama nilivyoeleza. Zote zikisimama, kosa lilikuwa la makala moja, lirekebisheni na muachane nalo. Mbili au tatu zikianguka, panueni hadi 50. Fungueni ukurasa wa mradi wenye jedwali: makala, sentensi, chanzo, aliyekagua, matokeo, tarehe. Makala isiyo na hata chanzo kimoja kinachosimama ipendekezwe kufutwa. Yenye mchanganyiko ipunguzwe hadi mbegu ya sentensi mbili tatu zenye rejeo, iote upya.

Kijana wa Wikipedia ya Kiskoti alitukanwa vibaya na watu wa nje ambao hawakuwahi kuhariri hata herufi moja ya lugha ile. Matusi hayo hayakusafisha makala hata moja. Kwa hiyo kwenye jedwali lenu, kama aliyekosea hakukusudia na bado yupo, mpeni mistari kumi ya kwanza aikague yeye mwenyewe, na mwingine ahakiki nyuma yake. Anakumbuka alikoyatoa maneno yale kuliko sisi sote.